Wefa ya mobiliti milioni moja na njia ya panya iliyojificha ndani yake

Nianze na namba zilizotudanganya, maana kisa chote kiko hapo. Wefa (kibamba chembamba cha semikondakta) ya galiamu asenaidi, ndani yake kisima cha kwanta chenye upana wa nanomita 30, elektroni 2.1 × 10¹¹ kwa kila sentimita mraba, mobiliti (yaani wepesi wa elektroni kusogea) sentimita mraba milioni moja kwa volti-sekunde. Ukipiga hesabu unapata ukinzani wa ohm 30 hivi kwa mraba, na elektroni inakimbia mikromita saba na nusu kabla kitu chochote hakijaigeuza njia. Kwa vifaa tulivyotaka kutengeneza (mageti mawili juu, yaani vipande vya metali vya kuwekea volteji, yenye upenyo mwembamba katikati, afu baadaye nukta kwanta mbili za kubiti, ile biti ya kompyuta ya kwanta) hiyo ni wefa ya kushangilia, na kweli tulishangilia, mtu mmoja hadi akaipiga picha skrini.

Afu tukapandisha sumaku hadi tesla 4.3, sehemu ambayo ukinzani wa kwenda mbele ulitakiwa uanguke hadi sifuri kabisa, wenyewe ukakaa kwenye kilo-ohm 3. Hapo ndo zilianza wiki mbili za kukamata watu wasio na hatia.

Kwa ambaye hajawahi kukaa na haya mambo, kisima chenyewe kinafanya kazi hivi. Unakuza tabaka la galiamu asenaidi katikati ya kuta mbili za aluminiamu galiamu asenaidi, kuta zetu zilikuwa na aluminiamu kama asilimia 30. Elektroni ndani ya ule uwazi mwembamba haina nafasi ya kwenda juu wala chini, inabaki kutembea kwenye bapa tu, pande mbili. Sasa elektroni hazitokei hewani, lazima uweke silikoni mahali zikatoe, na silikoni ikishatoa elektroni inabaki na chaji chanya inayozisumbua elektroni zinazopita. Ujanja walioutoa kina Dingle, Störmer, Gossard na Wiegmann pale Bell Labs mwaka 1978 ni kuiweka silikoni mbali, ndani ya ukuta, halafu elektroni zinadondokea kisimani zenyewe kwa sababu huko nishati ni ya chini. Kati ya silikoni na kisima unaacha tabaka safi, sisi tunaliita spesa, letu lilikuwa nanomita 40. Yaani mama anabaki kule, watoto wanacheza huku, wala hawasikii kelele zake sana.

Likumbuke hilo tabaka la silikoni. Limekaa kimya kule ndani ya ukuta, na kila mtu anachukulia kwamba elektroni zilizobaki pale zimekamatwa na haziendi popote.

Sasa ukiwasha uga wa sumaku unaosimama wima juu ya bapa, elektroni zinazunguka, nishati zake zinajipanga kwenye ngazi za Landau, na kila ngazi inabeba idadi ya elektroni inayotegemea uga peke yake. Ngazi zikijaa kikamilifu bila mabaki, ukinzani wa mbele unakufa na ukinzani wa Hall (volteji inayotokea kukatisha mkondo, igawanywe kwa mkondo) unakaa tambarare kwenye h/e² igawanywe kwa namba kamili, h ikiwa namba ya Planck na e chaji ya elektroni. Hii ndiyo Klaus von Klitzing aliiona Grenoble usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1980, kwenye transista ya silikoni, na ikampa Nobel mwaka 1985. h/e² ni ohm 25,812.807 na ushee, na tangu mwaka 2019 haina hata kosa la kipimo kwa sababu h na e zote zimefungwa kwa ufafanuzi. Kwa hiyo ukiwa na kisima unakuwa umebeba rula ambayo haijawahi kudanganya mtu. Rula ikikataa kulingana na kipimo chako, mwenye shida ni wewe.

Kwa elektroni 2.1 × 10¹¹ hesabu inasema ujazo wa 6 (yaani ngazi sita zimejaa, ukihesabu kila mwelekeo wa spini peke yake) uwe kwenye tesla 1.45, ujazo wa 4 kwenye 2.17, ujazo wa 2 kwenye 4.34 na ujazo wa 1 kwenye 8.69. Mabonde ya ukinzani wa mbele yalikaa pale pale, hakuna hata moja lililohama. Tatizo lilikuwa vina vyake. Kwenye ujazo wa 6 bonde lilibaki na ohm 365, kwenye 4 ohm 810, kwenye 2 kilo-ohm 2.98, na kwenye 1 kilo-ohm 9 na kidogo, yaani kadiri sumaku inavyopanda mabonde yote yanabebwa juu kama mashua maji yakijaa. Na tambarare za Hall zilipungua, kwenye ujazo wa 2 tulipata kilo-ohm 11.88 badala ya 12.906, kwenye 4 tukapata 6.31 badala ya 6.453, kwenye 6 tukapata 4.26 badala ya 4.302. (Ukinzani wa mbele hapa nimeshaugawa kwa umbo la kipande, urefu kati ya kontakti ulikuwa mara tano ya upana, kwa hiyo ni kwa mraba.)

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa joto. Kijana aliyekuwa anapima akasema elektroni hazijapoa, friji inaonyesha milikelvini 300 lakini elektroni zenyewe ziko juu kwa sababu nyaya hazina filta nzuri. Ni jibu ambalo kila maabara ya baridi kali inalo mfukoni, na kwa kweli mara nyingi ni sahihi, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Tukashusha mkondo kutoka nanoampia 100 hadi 10, hakuna kilichobadilika. Tukaongeza filta, siku tatu zikaenda, hakuna kilichobadilika. Mimi mwenyewe nilishika chuma cha kuchomea nyaya usiku, wakati hesabu ya dakika mbili ingetuokoa: kwenye tesla 4.34 umbali kati ya ngazi mbili za Landau kwa galiamu asenaidi ni milielektronivolti 7.5 hivi, na joto la milikelvini 300 ni 0.026. Hata elektroni zingekuwa kwenye kelvini moja na nusu ni 0.13 tu. Hakuna elektroni inayoruka ukuta wa namna hiyo kwa kusukumwa na joto. Siku ya nne ndo tukapandisha friji kwa makusudi hadi kelvini 1.5 na bonde likasogea kama sehemu ya kumi hivi, basi. Joto likaachiwa huru.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa vifaa. Kama Hall iko chini basi labda mkondo wenyewe ni mdogo kuliko tunavyodhani, si tunautengeneza kwa kupitisha volti moja kwenye rezista ya megaohm 10? Sawa, lakini kipande chenye kilo-ohm 13 kinapunguza mkondo huo kwa sehemu moja na kidogo ya elfu, na sisi tulipungukiwa na asilimia 8. Halafu, na hapa ndipo mtu alitakiwa ashtuke mapema, kosa la kalibresheni lingepunguza tambarare zote kwa asilimia ile ile. Zetu zilipungua asilimia 8 kwenye ujazo wa 2, asilimia 2 na kidogo kwenye 4, asilimia 1 kwenye 6. Upungufu unaokua na ukinzani wenyewe hautoki kwenye kifaa cha kupimia, unatoka kwenye kitu kinachoiba.

Wa tatu alikuwa kontakti zisizokaa sambamba, ambazo huingiza volteji ya Hall kwenye volteji ya mbele. Hilo linapimwa kwa kugeuza sumaku: sehemu ya Hall inabadili alama, sehemu ya mbele haibadiliki. Tuligeuza, tukachukua wastani, mabonde yakabaki vile vile. Nusu siku tu, huyu hakutusumbua.

Wa nne alinipotezea mimi binafsi muda kuliko wengine wote, kwa sababu nilimpenda. Nikasema labda elektroni zimejaa hadi bendi ndogo ya pili ya kisima, yaani ngazi ya nishati iliyo juu ya ile ya kwanza. Nanomita 30 ni kisima kipana, hilo linawezekana, na bendi ya pili ingekuwa na elektroni chache zenye mobiliti mbovu, ingeeleza kila kitu. Nikawa naeleza watu kwa ubao na kalamu za rangi mbili. Mpaka dada mmoja wa kikundi jirani, aliyekuja kuazima heliamu tu, akaniuliza taratibu, "Kaka, hiyo bendi ya pili iko juu kiasi gani?" Nikakaa nikahesabu mbele yake. Kwa kisima cha nanomita 30 na uzito wa elektroni wa 0.067, bendi ya kwanza iko kama milielektronivolti 6.2 kutoka sakafuni na ya pili iko mara nne ya hapo, kwa hiyo pengo ni kama 18.7. Kila milielektronivolti moja inabeba elektroni 2.8 × 10¹⁰ kwa sentimita mraba, kwa hiyo elektroni zetu 2.1 × 10¹¹ zinajaza 7.5 tu. Ungehitaji zaidi ya 5 × 10¹¹ ndo uiguse bendi ya pili, na dopingi (ile silikoni ya kutoa elektroni) ya upande mmoja inainamisha kisima, jambo ambalo linalipanua pengo badala ya kulibana. Akachukua heliamu yake akaondoka. Tena ingekuwepo bendi ya pili tungeona mawimbi ya ukinzani yenye masafa mawili tukigeuza data kwa Fourier dhidi ya 1/B (B ni uga wa sumaku), na sisi tulikuwa na masafa moja safi, tesla 4.34.

Sasa ukweli ni kwamba neno "upitishaji sambamba" lilitajwa siku ya kwanza kabisa. Kila aliyewahi kushika wefa zenye dopingi analijua: tabaka la silikoni linakuwa na elektroni nyingi kupita kiasi, zinaanza kupitisha mkondo zenyewe, unajikuta unapima njia mbili ukidhani ni moja. Tuliliondoa mezani kwa sababu ya kanuni ambayo wengi tumeisoma, kwamba dalili ya njia ya pili ni idadi ya elektroni ya Hall kutofautiana na idadi inayotoka kwenye mawimbi ya Shubnikov–de Haas, yaani kupanda na kushuka kwa ukinzani wa mbele uga ukipanda. Zetu zililingana. Hall kwenye tesla 0.3 ilitoa 2.1 (× 10¹¹, kuanzia hapa nitaiacha), mawimbi yakatoa 2.1. Basi tukasema wefa ni safi, twende kwa watuhumiwa wengine.

Kanuni hiyo si ya uongo, ila ina sharti ambalo watu hulisahau. Tofauti inaonekana mapema pale njia mbili zinapokuwa na mobiliti zinazokaribiana. Ikiwa moja ina milioni na nyingine ina mia mbili, kwenye uga mdogo ile ya milioni inameza kila kitu. Fikiria pasipo na sumaku: kisima kinapitisha mikrosiemensi 33,600 hivi kwa mraba (siemensi ni kipimo cha upitishaji, kinyume cha ohm). Njia ya panya yenye mikrosiemensi 20 (yaani ohm elfu 50) inabeba sehemu sita tu za mkondo kwa kila elfu kumi. Hakuna kipimo cha mobiliti cha kawaida kitakachoiona hiyo. Unaweza kuirudia mara mia na kila mara utapata milioni moja na utafurahi.

Sumaku ndiyo inabadilisha hesabu. Elektroni za kisima zinazunguka haraka na karibu hazigongi kitu, kwa hiyo upitishaji wake wa mbele unashuka kwa mraba wa mobiliti mara uga. Kwenye tesla 1 zao hilo ni 100 (mobiliti ikiwa kwa mita mraba), mraba wake elfu kumi, kwa hiyo kutoka 33,600 tunabaki na 3.4. Elektroni za tabaka la silikoni zinagongagonga kila hatua, hazina hata muda wa kuzunguka, sumaku haizigusi, zinabaki na mikrosiemensi zao 20. Yaani barabara kuu imefungwa na njia ya panya haijui hata kama kuna askari. Na ukifika ujazo kamili kisima hakina upitishaji wa mbele hata chembe, kilichobaki chote ni cha njia ya panya.

Hii ndiyo hesabu tuliyotakiwa kuifanya siku ya kwanza na tukaifanya siku ya kumi na moja. Njia mbili zilizo sambamba hazijumlishwi kwa ukinzani, zinajumlishwa kwa upitishaji, na ndani ya sumaku upitishaji ni matriksi, kwa hiyo kabla ya kusema lolote lazima ugeuze ukinzani kuwa upitishaji. Chukua ukinzani wa mbele, ugawe kwa jumla ya mraba wake na mraba wa ukinzani wa Hall, umepata upitishaji wa mbele. Chukua wa Hall, ugawe kwa jumla ile ile, umepata upitishaji wa Hall. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Ujazo wa 2: 2.98 na 11.88 zikatoa mikrosiemensi 19.9 mbele na 79.2 Hall. Ujazo wa 4: 20.0 na 155.9. Ujazo wa 6: 20.0 na 233.0. Ujazo wa 1: 19.4 na 42.1.

Angalia hiyo safu ya mbele. Mabonde yaliyotofautiana kutoka ohm 365 hadi kilo-ohm 9, mara ishirini na tano, yakageuka kuwa namba moja, mikrosiemensi 20. Nakumbuka yule kijana aliandika ya tatu akanyamaza, akaifuta, akaikokotoa upya kwa sababu alidhani amenakili ya juu yake. Kilichokuwa kinaonekana kama mabonde yanayopanda kwa sababu za ajabu kilikuwa kitu kimoja kisichobadilika, ila kilikuwa kinatazamwa kupitia ukinzani wa Hall unaokua.

Na safu ya Hall nayo ina lake. Thamani halisi za kisima peke yake ni 38.7, 77.5, 155.0 na 232.4. Zetu zimezidi, kwa 3.4 kwenye tesla 8.69, 1.7 kwenye 4.34, 0.9 kwenye 2.17, 0.6 kwenye 1.45. Uga ukiwa nusu, ziada inakuwa nusu. Hiyo ni Hall ya njia ya panya yenyewe, na ukigawa 3.4 kwa 19.4 halafu kwa 8.69 unapata mobiliti yake, mita mraba 0.02 kwa volti-sekunde, yaani zile mia mbili za sentimita. Kutoka hapo idadi yake ya elektroni inakuja yenyewe, kama 6 × 10¹¹ kwa sentimita mraba. Mara tatu ya zilizoko kisimani! Mwizi ameacha jina, anuani na namba ya viatu. Kontakti zetu zilikuwa zimeokwa hadi metali ikapenya chini kabisa, kwa hiyo zilishika matabaka yote mawili, ndiyo maana kujumlisha matriksi hivi kulikubali vizuri, kontakti zingekuwa zinashika moja na kukosa nyingine hesabu ingekuwa chafu zaidi.

(Kando kidogo: ohm elfu 50 ni karibu mara mbili ya h/e², tabaka la namna hiyo liko kwenye mpaka wa elektroni kujifunga mahali pamoja joto likishuka zaidi. Yale mabadiliko ya sehemu ya kumi kati ya milikelvini 300 na kelvini 1.5 nadhani yalitoka huko. Mtu mwenye friji ya milikelvini 20 angeweza kuliona linafifia na akadhani amepona, akipasha kidogo linarudi.)

Baki swali moja, zile elektroni zimefikaje kule. Wefa hii ilikuja na karatasi ya mkuzaji, na kwenye karatasi idadi ya elektroni gizani ilikuwa 1.5. Sisi tulikuwa na 2.1. Hakuna aliyeuliza kwa sababu kila mtu alijua jibu: tumeiwashia LED, ile taa ndogo iliyo ndani ya friji. Ni kawaida kabisa. Ukuta wenye aluminiamu zaidi ya asilimia 22 hivi una tabia ya ajabu, silikoni ndani yake inakamata elektroni kwa nguvu na kuvuta atomi za jirani zikae vibaya, mtego unaoitwa kituo cha DX. Lang na Logan ndio walioupa jina mwaka 1977, D ya donori na X kwa kuwa hawakujua mwenzake ni nini. Ukimulika kwenye baridi, mwanga unaitoa elektroni mtegoni, atomi zinarudi mahali pake, na sasa kurudi mtegoni kunahitaji kuvuka kilima ambacho kwenye baridi hakivukiki. Kwa hiyo unamulika sekunde chache, unazima, elektroni zinabaki huru mpaka utakapopasha. Nyingi zinadondokea kisimani, idadi inapanda, mobiliti nayo inapanda. Kila mtu anafurahi.

Ila kisima kina ukomo. Kadiri kinavyojaa kinajiinua chenyewe, inafika pahali elektroni mpya haina faida ya kwenda kisimani, inabaki pale pale kwenye silikoni, huru, haina mtego wa kurudi. Zikiwa nyingi zinashikana mikono na kuwa njia.

Nikafungua daftari la friji. Mstari mmoja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, siku ya kushusha: LED miliampia 10, sekunde 60. Nilikuwa nimezoea wefa ya zamani ambayo ilikuwa bahili, ilihitaji mwanga mwingi ndo iamke, na mkono ukafanya kilichozoeleka. Kijana wa watu nilimchosha na filta siku tatu kwa kosa langu, na alikuwa na adabu ya kutosema kitu, ila aliiweka ile picha ya skrini yenye milioni moja juu ya meza yangu.

Dawa ni rahisi kuliko ugonjwa. Vituo vya DX vinaanza kukamata tena ukipita kelvini mia na kitu hivi, sisi tulipasha hadi joto la chumba kwa uhakika, tukafunika kila dirisha la kraiostati (chombo cha ubaridi), tukashusha gizani. Idadi 1.5 kama karatasi ilivyosema, mobiliti laki saba. Ujazo wa 2 ukahamia tesla 3.10 na ukinzani wa mbele ukafa, nikisema ukafa namaanisha lokini, kifaa chetu cha kupimia volteji ndogo, ilikuwa inaonyesha kelele zake yenyewe. Tambarare ya Hall ikakaa kwenye 12.906 mpaka tarakimu ya mwisho tuliyoweza kuiamini.

Laki saba zingetosha lakini tulitaka kidogo zaidi, kwa hiyo tukamulika kwa vipigo vya sekunde moja, miliampia 1, na baada ya kila kipigo tunasubiri itulie, tunakwenda kwenye ujazo wa 2 unapohamia, tunageuza matriksi, tunaangalia upitishaji wa mbele. 1.65, safi. 1.8, safi. 1.9, safi, mobiliti laki tisa na nusu. Kipigo kilichofuata kisima kikapanda kiduchu tu na upitishaji wa mbele ukaanza kunyanyuka, mikrosiemensi mbili. Tukajua ukuta uko wapi. Tukapasha tena, siku nzima imeenda, tukarudi tukasimama kwenye 1.9. Naona watu wengi wakifika hapa wanakubali hizo mikrosiemensi mbili kwa uvivu wa kupasha, mimi sikushauri, hasa kama kipande kinaenda kuwekewa mageti.

Maana kwenye mageti ndipo njia ya panya inaumiza. Geti liko juu, silikoni iko katikati, kisima kiko chini. Tabaka la silikoni likiwa na elektroni zinazotembea linakuwa kama bati, volteji yako ya geti inaishia kulisukuma hilo kwanza na kisima hakisikii chochote hadi limwagike lote. Tulikuwa tumeshaliona hilo kwenye raundi ya kwanza bila kulielewa, upenyo wetu ulihitaji volteji hasi kubwa mno ndo ujifunge, na vile vidato vya 2e²/h ambavyo watu wa Delft na Cambridge walivionyesha mwaka 1988 vilikuwa vimelala mshazari na havikai kwenye namba kamili hata baada ya kutoa ukinzani wa kontakti. Unaweza kulitumia geti kubwa la juu kulimwaga lile tabaka kwa makusudi, wapo wanaofanya hivyo na inakubali, ila unaongeza geti jingine kwenye chipu ambayo tayari imejaa.

Wengine wameamua kuachana na silikoni kabisa. Siku hizi visima vingi vya kubiti, vya silikoni kwenye silikoni-gerimani na vya gerimani, havina dopingi, elektroni au mashimo (nafasi tupu za elektroni) yanavutwa na geti lenyewe, hakuna ghala la kuvuja. Tena silikoni inaweza kusafishwa ibaki isotopu ya 28 isiyo na spini ya kiini (kiini chake hakina usumaku), wakati galiamu na aseniki zote kila isotopu ya asili ina spini ya 3/2 inayoisumbua kubiti. Nalielewa hilo vizuri. Ila kwa uwezo wa kujifunza tabia za elektroni moja moja galiamu asenaidi bado ni darasa zuri, elektroni yake ni nyepesi kwa hiyo hata geti la kutengenezwa kwa mkono usio stadi sana linaishika.

Kwenye 1.9, gizani, upenyo ulionyesha vidato vitano vilivyolala sawasawa, cha kwanza kikiwa kwenye kilo-ohm 12.9 baada ya kutoa ukinzani wa kontakti, na ukajifunga kwa volteji ndogo kuliko mwanzo. Kilichobaki ni mruko-mruko, kila baada ya sekunde kadhaa upitishaji unaruka ngazi moja juu afu unarudi, dalili ya elektroni inayochezacheza karibu na geti. Hiyo tunaijaribu wiki hii kwa kuipoza chipu geti likiwa na volteji chanya, na LED nimeichomoa waya.